Tumbawe limenywea kwenye tanki: jua kwanza linaumwa nini kabla hujalimaliza kwa dawa

Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni fundi AC hapa Dubai, na kwenye kazi yetu kuna wimbo mmoja kila mteja anauimba, "fundi njoo uongeze gesi, AC haipozi". Unafika, unafungua, unakuta gesi iko vizuri kabisa, shida ni filta imejaa vumbi mpaka inafanana na kipande cha blanketi. Ukimsikiliza mteja ukashindilia gesi unaweza kuua kompresa iliyokuwa nzima. Sasa kwenye tanki la matumbawe mwenye tanki ndo yule mteja. Tumbawe likinywea jioni, usiku huohuo keshatia vichupa vitatu, asubuhi akikuta hali imekuwa mbaya zaidi anatia cha nne. Mimi mwenyewe nimekuwa huyo mteja, wala sifichi.

Nina tanki la maji chumvi la lita 200, liko sebuleni kwenye flati tunayokaa watatu. Humo nina nyundo, lile tumbawe ambalo kila mnyiri wake unaishia na kichwa kama cha nyundo, la kijani, lilikuwa na vichwa saba. Siku moja naamka nakuta limejikunja lote, minyiri imerudi ndani, zinaonekana kingo za mifupa ya chokaa tu. Nikapima alkaliniti, yaani ile akiba ya majini ambayo tumbawe linajengea mfupa, inahesabiwa kwa pointi za dKH, ikaja 5.6. Nikasema ahaa, nimekukamata. Nikapima bekingi soda gramu 18, ambayo kwa lita 200 inapandisha kama pointi tatu, nikaitia yote usiku uleule kwa mara mbili. Kesho yake nyama ya vichwa viwili imeanza kuachia kwenye ukingo wa mfupa. Nikakimbia kununua kipimo kipya, kinasema 11.4. Kuja kutazama chupa ya kipimo cha zamani, muda wake uliisha miezi mitano nyuma. Yaani mwanzo maji yalikuwa kama 8.4, sawa kabisa, hayakuhitaji kitu chochote.

Na ugonjwa wenyewe? Tunakaa na mzee mmoja wa Kipemba, alivua miaka mingi kabla hajaja huku, tunamwita Ami. Amekaa na kikombe chake cha chai anatazama tanki, akaniambia, "Mwanangu, hilo lako linapigwa na mkondo shavuni, upande mmoja tu. Maji ya humu hayapumui, yanatwanga." Nikamwambia, "Ami, pampu iko juu kule." Akasema, "Hebu inama uitazame." Nikainama. Pampu ya mawimbi ilikuwa imeteleza kwenye kioo, mpira wake wa kunatia umechakaa, imeshuka kama vidole vinne na sasa inapuliza nyundo usoni moja kwa moja. Nikaipandisha. Vichwa vitano vikafunguka ndani ya siku mbili, na vile viwili nilivyovichoma kwa soda nyama ikaisha kabisa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutotia kitu. Siku ya kwanza, ukiacha jeli ya kahawia ambayo ntaieleza chini, tumbawe linalovua ngozi ndani ya saa chache, sumu iliyoingia majini, na pampu au hita iliyokufa, hakuna tumbawe litakalokufa kwa sababu ulikaa ukaangalia kwanza.

Chukua kiti, kaa mbele ya tanki dakika kumi, na taa ziwe zimeshawaka saa mbili hivi maana matumbawe mengi asubuhi yanachelewa kufunguka hata yakiwa mazima. Swali la kwanza kabisa, nyama ipo au haipo? Tumbawe la mawe ni nyama nyembamba iliyofunika mfupa wa chokaa, na ndani ya hiyo nyama unaishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, huo mwani ndo unaolipikia tumbawe chakula chake kingi kwa kutumia mwanga, na ile rangi ya udongo udongo unayoiona kwenye tumbawe ni yake. Ukilielewa hilo tu nusu ya magonjwa umeshayasoma.

Kama limenywea lakini nyama ipo na rangi ipo, basi kuna kitu kinalisumbua, bado halijaanza kufa. Hapo tafuta mkondo, tafuta samaki anayelidonoa, kaa anayelikanyaga, jirani anayelichoma, chumvi iliyoyumba, au mkono wako mwenyewe ulioingiza jana ukiwa umejipaka losheni. Usicheke, ipo hiyo.

Kama limekuwa jeupe lakini ukimulika unaona nyama bado ipo, minyiri midogo inacheza, hilo limepauka. Mwani wa ndani umetoka, tumbawe liko hai ila lina njaa. Sababu kubwa ni joto, mwanga mkali uliokuja ghafla, au maji yaliyosafishwa mpaka hayana virutubisho kabisa. Baharini inatosha joto lipande digrii moja tu juu ya lile la kawaida la kiangazi, likakaa hivyo wiki kadhaa, mwamba wote unapauka. Ami anaukumbuka vizuri mwaka 1998 pale Misali, kisiwa kidogo cha Pemba, anasema ukichungulia chini ya ngalawa unaona kama mtu kamwaga chokaa. Kwenye tanki la kioo ndo rahisi zaidi, maji ni machache.

Kama ni jeupe na hakuna nyama, mfupa uko wazi, sehemu hiyo imeshakufa, unachookoa ni iliyobaki. Angalia imeanzia wapi na inakwenda kwa kasi gani. Ikianzia chini inapanda polepole kwa wiki, shuku alkaliniti inayoyumba, njaa, kivuli, au minyoo bapa inayokula nyama. Ikivua ngozi ndani ya saa chache, hasa haya matumbawe ya matawi membamba ya akropora, hapo usisubiri, kata ncha zilizo nzima uziokoe mbali na mama yake maana ile ikianza haina breki.

Kuna hali mbili zinawatisha watu bure. Tumbawe likiwa la kahawia zaidi kuliko ulivyolinunua haliumwi, limeongeza mwani ndani kwa sababu virutubisho ni vingi au mwanga ni mdogo. Na lile tumbawe laini linaloitwa la ngozi, lenye umbo la uyoga, kila baada ya muda linajifunga, linang'aa kama limepakwa nta, linakaa hivyo hata wiki moja au mbili, alafu linavua kigozi na kufunguka upya. Mimi la kwanza nililitupa. Liliponywea nikasema limekufa, nikalitia kwenye mfuko wa taka, na nimekuja kujua miezi sita baadaye. Wewe likikufanyia hivyo liongezee tu mkondo kidogo ile ngozi itoke, basi.

Na ukikuta vichwa vya nyundo vinaelea vyenyewe ndani ya tanki bila mfupa, vimejing'oa. Hilo tumbawe limeamua kuhama nyumba, maana yake maji yamekuwa mabaya kwelikweli, rukia moja kwa moja kwenye vipimo.

Vipimo navyo vina mpangilio, na watu wengi wanauanza kwa mkia. Anza na joto. Uwe na vipimajoto viwili, kwa sababu kile cha kwenye hita kinadanganya, na kipimajoto kimoja huwezi kujua kama kinadanganya. Tunataka 25 hadi 26, na isipande ikashuka zaidi ya digrii moja kwa siku. Huku kwetu mwezi wa saba mkizima AC mkaenda kazini, alasiri mnakuta maji yako 31. Mimi fundi AC tanki langu limewahi kuchemka hivyo, nilichekwa na jengo zima. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji inashusha digrii mbili hivi, lakini inayavukisha maji kwa lita, na hapo ndo tunaingia kwenye chumvi.

Maji yakivuka chumvi inabaki. Tanki la lita 200 likipoteza lita tano, chumvi iliyokuwa 35 inakaribia 36, siku mbili bila kujaza tayari uko 37 na tumbawe linajikunja unashangaa nini. Unachojazia hapo ni maji baridi yasiyo na chumvi, yaliyochujwa kwa mashine ya RO mpaka kipimo cha uchafu kinasoma sifuri, usijazie maji ya chumvi, na ya bomba usiyaguse kwa sababu yana klorini. Lengo ni 35 kwa elfu, ambayo kwenye kile kipimo kingine, cha uzito wa maji, ni kama 1.026. Kipimo cha kuchungulia kwa jicho, rifraktomita, kinahama chenyewe, na wengi wanakisawazisha kwa maji matupu kwenye sifuri alafu wanapima kule juu, kumbe kinakosea pointi tatu nne. Kisawazishe kwa ile chupa ndogo ya maji ya 35 inayouzwa kwa kazi hiyo. Jamaa mmoja alikuwa anasoma 35 mwaka mzima, tulipokisawazisha ikawa 31. Matumbawe yake hayakuwa yanakufa, yalikuwa yamedumaa tu, hayakui wala hayachanui. Ukikuta chumvi imekosea usiirekebishe kwa siku moja, pointi moja kwa siku inatosha.

Na kwa wale wa huku Ghuba mnaowaza kuchota maji pale ufukweni mkaokoa hela ya chumvi, maji ya Ghuba yana chumvi ya 40 na zaidi, na kiangazi yanapita nyuzi 33. Matumbawe ya humo yamezoea, la kwako limetoka sehemu nyingine kabisa, litaungua.

Baada ya chumvi ndo alkaliniti. Hiki ndo kipimo kinachoyumba haraka kuliko vyote, kwa sababu tumbawe likijenga mfupa linakula alkaliniti kila siku. Ukiwa kati ya 7.5 na 9 uko salama, lakini niamini, 7.5 iliyotulia ni bora kuliko 8.5 ya leo na 7 ya keshokutwa. Pima saa ileile kila siku kwa siku tatu, andika kwenye karatasi ubandike pembeni ya tanki. Namba moja peke yake haikuambii kitu, namba tatu zinakuambia inashuka kiasi gani kwa siku. Na kabla hujaiamini namba yoyote ya ajabu, tazama tarehe ya chupa, alafu pima tena kwa kipimo cha mtu mwingine. Gramu zangu 18 zingebaki kwenye pakiti kama ningefanya hilo.

Ikithibitika kweli iko chini, hesabu ni hii, gramu 3 za bekingi soda kwa lita 100 za maji inapandisha kama pointi moja ya dKH. Usizidishe hiyo pointi moja kwa siku. Koroga kwenye nusu lita ya maji ya RO, itie kidogokidogo penye mkondo mkali, mbali na matumbawe. Na nasisitiza bekingi soda tupu, sio bekingi pauda ya keki, na sio magadi ya kulainishia makande, kuna mtu aliniuliza hilo na alikuwa hatanii. Ikiwa iko juu kama ilivyokuwa yangu, huna cha kutia, acha ishuke yenyewe.

Kisha naitreti na fosfeti. Zamani watu walikuwa wanapigania sifuri, na bado wapo. Sifuri kwenye tanki la matumbawe ni njaa. Naitreti iwe kati ya 5 na 15, fosfeti iwe 0.03 mpaka 0.1, na ukikuta zote mbili sifuri na tumbawe limepauka, punguza kazi ya skima, ile mashine inayotoa uchafu kwa povu, toa ile dawa ya kunyonya fosfeti, ongeza chakula cha samaki. Ukikuta naitreti 60, ndo ubadilishe maji. Kalsiamu 400 mpaka 450, magnesiamu kama 1300, hizo mbili haziporomoki usiku mmoja, usizipe lawama mapema. Amonia ipime kama tanki ni jipya au kuna samaki kapotea na hujaona maiti yake.

Vipimo vyote vikiwa sawa na tumbawe bado linanuna, kaa ujiulize nini kimebadilika ndani ya wiki mbili. Jiulize kama polisi. Taa mpya? Umebadilisha kampuni ya chumvi? Mmepaka rangi nyumba, mmepuliza dawa ya mende? Umetibu samaki kwa dawa yenye shaba? Shaba inaua matumbawe na kamba, na ikishanywewa na mawe inatoka kwa shida sana. Mimi siku moja matumbawe yote, sio moja, yote, yalijikunja saa chache baada ya kubadilisha maji. Vipimo vyote safi. Nikakaa kwenye sofa nakuna kichwa, macho yakaenda kwenye ndoo niliyokorogea chumvi. Ndoo ya bluu. Ndoo zangu za tanki ni nyeupe. Ile ya bluu ndo ya kazini, tunachanganyia kemikali ya kuoshea koili za AC. Mwenzangu wa chumba aliiona imekaa nje akaisuuza akaiweka ndani, kwa roho safi kabisa. Niliweka makaa ya kuchujia maji, yale ya kaboni, mapya, nikabadilisha maji asilimia 25 usiku ule na 25 nyingine kesho yake, yakarudi yote isipokuwa moja. Tangu siku hiyo ndoo za tanki zimeandikwa kwa makapeni SAMAKI, herufi kubwa. Yakijikunja yote kwa pamoja wakuu, shuku sumu au chumvi au joto. Likijikunja moja, shuku pale lilipokaa.

Na pale lilipokaa unapakagua usiku. Zima taa, subiri saa mbili, rudi na tochi uliyoifunga karatasi nyekundu, usiwashe taa ya sebule. Utaona mambo. Nyundo na mwenge, tumbawe la jamii ya nyundo, usiku zinatoa minyiri mirefu ya kupigania, inafika hata sentimita 15, mchana imejificha huioni. Jirani anayeishi umbali wa vidole vitatu anachomwa kila usiku na wewe mchana unamlaumu alkaliniti. Utaona pia kaa waliojificha kwenye mawe, na minyoo. Ukikuta mmoja yuko juu ya tumbawe usimhukumu papohapo, minyoo wenye nywele wengi wanakula kilichokufa tayari, hawakukiua wao.

Sasa tiba. Nyingi ni kuhamisha vitu na kungoja, pole kama ulitaka chupa.

Mkondo: minyiri ya nyundo iwe inayumba kama khanga kwenye kamba siku ya upepo mdogo, inakwenda inarudi. Ikiwa imelala upande mmoja muda wote, mkondo ni mkali. Ikiwa imesimama na takataka zinatua juu yake, haujatosha. Mwanga: lililopauka lishushe kwenye mchanga chini, taa punguza mpaka nusu, alafu rudisha asilimia tano hadi kumi kwa wiki. Ukishaliweka mahali, liache. Kuna watu wanalihamisha tumbawe kila siku kulitafutia raha, linakufa kwa safari.

Kubadilisha maji ni dawa salama kuliko zote ila nayo ina adabu. Asilimia 20 ya lita 200 ni lita 40, chumvi kama kilo moja na nusu, koroga na pampu kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti ya chumvi, joto lifanane, chumvi ifanane, na alkaliniti ya maji mapya uipime pia kabla hujayamwaga, maana kuna chumvi za kopo zinakuja na 11 au 12 na wewe tanki lako ni 8.

Kuogesha tumbawe kunafaa kama umeona wadudu au jeraha, haifai kama mazoea. Chota maji ya tanki lenyewe kwenye bakuli, tia dawa ya matumbawe kama chupa inavyosema, au ile ya iodini mpaka maji yawe na rangi ya chai ya rangi iliyotiwa majani kidogo, dakika kumi hadi kumi na tano, huku unapulizia kwa sirinji kubwa isiyo na sindano ili minyoo bapa idondoke. Utaiona chini ya bakuli, inafanana na vipande vya kitunguu vilivyokaangwa kidogo, inapitisha mwanga. Mayai yake hayafi kwa dawa, yakwangue kwa mswaki kwenye mfupa, na rudia kuogesha baada ya siku tano sita. Suuza kwenye bakuli la pili la maji ya tanki kabla ya kurudisha, na maji ya bakuli la kwanza mwaga chooni.

Nimefika kwenye jeli ya kahawia. Hii ni dharura ambayo nakuruhusu kukimbia. Utaijua, kichwa kimoja cha nyundo au mwenge kinafunikwa na ute wa kahawia kama uji ulioungua, ukipulizia kidogo unapeperuka vipande vipande, chini yake nyama inamomonyoka, na ukilitoa tumbawe kwenye maji harufu yake ni ya dagaa waliooza ndani ya gari lililofungwa. Inahama kichwa hadi kichwa ndani ya siku moja, na ule ute ukibebwa na mkondo unaweza kumuangukia jirani.

Zima pampu zote kwanza. Ukiziacha unaisambaza wewe mwenyewe. Nyonya ute wote kwa sirinji au mpira mwembamba, utupe nje, usiurudishe. Litoe tumbawe polepole ndani ya bakuli lililozama, lisipite hewani likidondosha uchafu tankini. Kama ni nyundo ya matawi, kila kichwa kina shina lake, vaa miwani, kata shina la mgonjwa sentimita mbili au tatu chini ya nyama kwa koleo la kukatia mfupa au msumeno mdogo, kichwa kilichooza tupa bila huruma. Vilivyobaki ogesha kwa iodini, suuza, viweke kwenye tanki jingine au hata ndoo yenye hita na pampu ndogo, siku kadhaa, ndo virudi. Kama ni nyundo ya ukuta, ile isiyo na matawi, nyama yote imeungana, hapo ni kukata katikati ya nyama nzima na kuomba Mungu, nimejaribu mara moja na sikufaulu. Kisha washa pampu, weka kaboni mpya.

Chakula, watu wanakosea hapa. Tumbawe linalomomonyoka usililishe, halimezi, kile chakula kinaoza juu ya jeraha. Subiri minyiri itoke. Likitoa minyiri hata kidogo, zima pampu, mpe kamba wadogo wa kugandishwa, mmoja kwa kila kichwa, uliyemkata awe saizi ya punje ya mchele, umuweke juu ya minyiri kwa sirinji taratibu. Minyiri ikimkamata na kumvuta kuelekea mdomoni hiyo ni habari njema kuliko kipimo chochote. Mara mbili kwa wiki inatosha. Na weka alamu kwenye simu ya kuwasha pampu, dakika kumi na tano, mimi nimeshalala na pampu zimezimwa.

Lililopauka linachukua wiki hadi miezi kurudisha rangi, linaanza na kahawia, ukiiona hiyo kahawia furahi. Lililonywea kwa mkondo linarudi ndani ya siku. Sehemu iliyobaki mfupa, nyama ikipanda tena inapanda kwa milimita. Piga picha moja kila Jumamosi, saa ileile, taa ileile, maana macho ya kila siku hayaoni mabadiliko.

Jambo moja la usalama wako, sio wa tumbawe. Zile zoa, maua madogo madogo ya rangi yanayoota kama zulia, baadhi yana sumu inaitwa palitoksini, kali mno. Ukizikata au kuzisugua vaa glavu na miwani, usifanye ukiwa na kidonda, na usije hata siku moja ukachemsha jiwe lenye zoa au kulimwagia maji ya moto ili kulisafisha, mvuke wake umewalaza watu hospitali familia nzima. Zikifa, jiwe litoe nje likiwa kwenye mfuko.

Na kuokota tumbawe hai baharini ili uzibe pengo la lililokufa, hapana. Matumbawe yote ya mawe yako kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, biashara yake kuvuka mipaka inataka kibali. Omba kipande kwa mwenye tanki mwenzako, huwa wanakata na kugawa, kinabandikwa kwa supagluu ya jeli na kimeshazoea maisha ya kioo.

Mifupa ya vichwa vilivyokufa usikimbilie kuitupa, kama haina jeli iache ilipo, usiisugue. Vile viwili vyangu viliota mwani nikaviacha kwa uvivu tu. Mwezi wa nne Ami ananiita, "Njoo uone kuna kijidengu." Nikamwambia huo mwani Ami. Akasema, "Mwani haujikunji ukiupulizia." Nikachukua sirinji nikapuliza, kikajikunja. Jana nimeweka rula juu ya kioo, kina milimita sita, na kina mdomo.